Jinsi ya Kulipokea Janga Shuleni: Mwongozo kwa Mwalimu Mkuu Mgeni

Hongera, mwalimu mkuu mpya. Umekabidhiwa muhuri, funguo za stoo, kitabu cha wageni na deni la kuni. Kitu ambacho hakikuandikwa kwenye hati ya makabidhiano ni janga. Hatujui litakuwa lipi wala litaingia lini, ila ukanda wetu halijausahau: Marburg ilizuka Kagera mwaka 2023 na kurudi 2025, Ebola iliifanya Uganda ifunge shule Novemba 2022 wiki mbili kabla ya wakati, na mpox ikathibitishwa Kenya Julai 2024. Mwongozo huu utakufundisha kujiandaa kwa njia iliyozoeleka, yaani kuonekana umejiandaa. Kujiandaa na kuonekana umejiandaa ni kazi mbili, na hii ya pili ndiyo inayopandisha cheo.

Hatua ya kwanza ni kusubiri. Usifanye lolote mpaka waraka ufike, na ukifika, subiri waraka wa kuufafanua ule wa kwanza. Ukiulizwa, tumia mfano wa Kenya. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili rais akahutubia taifa: shule za kutwa zisifunguliwe Jumatatu, za bweni ziwe zimewatoa wanafunzi kufikia Jumatano. Tanzania nayo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi, na kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule. Kwa kasi hiyo, mwenye mpango na asiye na mpango walibeba magodoro siku moja. Hoja hii haijibiki, mradi asitokee mtu wa kukuuliza kilichofanyika katika miezi iliyofuata.

Sasa unda kamati. Wewe mwenyekiti, naibu wako katibu, na mwalimu wa sayansi awemo kwa sababu ni wa sayansi. Mpishi, bawabu na mama anayeosha vyoo wasiwemo. Ni kweli kwamba watatu hao ndio watakaoshika masufuria, lango na vyoo kila siku ya janga, lakini kikaoni watauliza mambo ya glavu na mishahara, nawe unataka kikao kiishe kabla ya chai. Kumbukumbu za kikao ziandikwe kwa mwandiko mzuri. Zitadumu kuliko sabuni.

Tuje kwenye ndoo, maana hapa ndipo shule nyingi zilipowekeza akili zao zote. Nunua ndoo yenye koki, iweke langoni juu ya kigoda, ubandike karatasi yenye maneno NAWA MIKONO. Afisa wa elimu akishuka garini, kitu cha kwanza atakachokiona ni ndoo, na aghalabu ndicho cha mwisho atakachokikagua. Usifanye hesabu. Nakusihi, usifanye hesabu, maana mimi niliifanya na tangu hapo siiangalii ndoo kwa jicho lile lile. Shule ina watoto 900. Tuseme umejikaza ukaweka koki tatu. Kunawa vizuri kwa sabuni kunahitaji sekunde 20. Kila koki ina watoto 300, sawa na sekunde 6,000, sawa na dakika 100. Ukiwaingiza kuanzia saa moja asubuhi, wa mwisho ataingia darasani saa tatu kasoro dakika ishirini, na kengele ya mapumziko itamkuta bado anakausha mikono kwenye sketi. Baada ya mapumziko wanawe tena. Kabla ya chakula wanawe tena. Kila mmoja akitumia nusu lita tu, kwa awamu tatu unahitaji lita 1,350 za maji kwa siku.

Maji hayo yatatoka wapi? Jibu lililozoeleka ni kumwagiza kila mtoto aje na lita tano kutoka kwao. Maana yake mtoto wa darasa la pili anatembea kilomita mbili na mtungi kichwani ili akifika shuleni anawe asiugue. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilitoa ripoti kwamba asilimia 43 ya shule duniani hazikuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni, na kusini mwa Sahara hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo huna haja ya kuona haya. Uko na wenzako, na watoto milioni 818 wako nanyi.

Kuna kifaa kimoja nakuonya nacho. Unachukua mtungi wa lita tano, unautoboa, unauning'iniza kwenye kijiti, unaufunga kamba inayoshuka hadi kwenye kipande cha mti cha kukanyagia. Mtoto anakanyaga, mtungi unainama, maji yanachirizika, hakuna koki ya kushikwa na mikono 900. Sabuni nayo inaning'inia kando kwenye uzi wake. Tanzania wanakiita kibuyu chirizi. Mwalimu mmoja na darasa la sita wanaweza kutengeneza 20 katika alasiri moja, na dakika zako 100 zikashuka hadi 15. Kiepuke kabisa. Hakina mahali pa kuandika jina la mfadhili. Huwezi kumwalika mbunge aje akikatie utepe. Tangi la lita 10,000 lisilo na mfereji wa kulijaza lina heshima zaidi, na picha yake inaenea ukurasa mzima.

Kipimajoto nacho chahitaji utaalamu. Kile cha umbo la bastola kikielekezwa usoni pa mtoto aliyetembea juani kitasoma moto, na betri zikichoka kitamsomea digrii 32, ambazo kwa binadamu ni dalili kwamba aitiwe kasisi. Bawabu mzoefu hakitegemei chombo. Huandika 36.5 kwa wote, wakati mwingine hata kabla hawajafika. Daftari lake ni safi, halina mfuto hata mmoja, na mkaguzi atalisifu.

Umbali. Mwongozo wa usalama wa shule za Kenya wa mwaka 2008 ulisema darasa la mita 7.5 kwa 6 liwe na wanafunzi wasiozidi 40, wakikaa wawili wawili. Wewe unao 80, kwa sababu elimu ya msingi haina malipo na kuta hazina mpira. Ukitaka kumpa kila mtoto nafasi ya mita moja na nusu kila upande, darasa hilo litabeba kama 20, nao wengine 60 utawatafutia pa kwenda. Wakati wa korona serikali iliwaagiza mafundi wa jua kali watengeneze madawati mapya, jambo jema kwa mafundi. Ila madawati mapya katika chumba kile kile chenye watoto wale wale hayaongezi hewa. Marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa waziri wa elimu wa Kenya, hakuona ubaya wa watoto kusomea chini ya miti, na kwa kweli hapo alisema neno: hewa ya nje ni bora kuliko barakoa iliyolowa jasho. Ukilifuata shauri hilo huku pwani, chagua mwembe, usichague mnazi.

Walimu wenye umri nao wana utaratibu wao. Novemba 2020, wakati walimu wakuu kadhaa wa Kenya walipofariki, watumishi wa umma waliopita miaka 58 waliagizwa kufanyia kazi nyumbani. Utaratibu huu unafaa sana kwa karani mwenye kompyuta. Mwalimu wa chekechea mwenye miaka 59 hakupata kuelezwa atawafungaje watoto kamba za viatu kupitia simu. Hapa sina mzaha zaidi. Wale walimu wakuu kazi yao ilikuwa kusimama malangoni na kupokea wazazi.

Shule zikifungwa, tangaza kwamba masomo yanaendelea kwa redio, televisheni na intaneti. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta kaya zenye televisheni ni asilimia 40.7 na zenye redio asilimia 56.9. Usizitaje. Sema tu "wanafunzi wetu wanafuatilia vipindi nyumbani", sentensi ambayo haina namba wala mahali. Mzazi mwenye simu moja na watoto wanne atakuelewa, maana yeye simu hiyo huondoka nayo alfajiri kwenda kibaruani. Mwezi Julai 2020 mwaka wenyewe wa masomo ulitangazwa kuwa umepotea. Baadaye ukatafutwa kwa kubana mihula na kufupisha likizo, hata mwaka 2022 Kenya ikafanya mitihani ya kidato cha nne mara mbili, Machi na Desemba. Uganda nao walifunga Machi 2020 na kufungua shule zote Januari 2022, kipindi kirefu kuliko nchi yoyote duniani.

Nimewaweka wafanyakazi karibu na mwisho kwa sababu ndivyo mipango yote inavyowaweka. Mwalimu aliyeajiriwa na tume ya serikali aliendelea kulipwa hata shule zilipofungwa. Yule wa bodi ya shule, anayefundisha hesabu katika chumba kimoja na mwenzake wa tume, mshahara wake hutoka kwenye karo, na karo hutoka kwa mtoto aliye shuleni. Mtoto akienda nyumbani, mshahara humfuata. Wapishi na mabawabu vivyo hivyo. Katika shule za binafsi, mwenye shule naye alikuwa na mkopo wa benki na wa basi la manjano. Shule moja huko Mwea, kaunti ya Kirinyaga, iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku, na hesabu za mwisho zikabaki ubaoni kuku wakizitazama. Wengi walilicheka jambo hilo. Mimi naliona ndilo mpango pekee wa dharura wa mwaka ule uliokuwa na bajeti, soko na msimamizi anayejulikana. Shule zilipofunguliwa, wapo walimu waliokuwa wamekwisha kuzoea bodaboda au shamba na hawakurudi, na mkuu wao akashangaa kwenye mkutano kwa nini "walimu wa siku hizi hawana wito".

Kuhusu wasichana, mwongozo uliozoeleka hauna ukurasa. Ebola ilipofunga shule za Sierra Leone mwaka 2014, nyingi zilibaki zimefungwa mpaka Aprili 2015. Zilipofunguliwa, wasichana waliokuwa wajawazito walizuiwa kuingia, na marufuku hiyo ikaondolewa Machi 2020, wiki zile zile ambazo dunia nzima ilikuwa inafunga shule. Tanzania iliondoa ya kwake Novemba 2021. Kwa hiyo habari ya Sierra Leone ilikuwepo, imeandikwa, miaka mitano kabla ya korona. Aliyetaka kusoma angesoma. Mpango wako ukiwa na kurasa nne za ndoo na hauna hata mstari mmoja wa kusema nani atapita nyumbani kwa wasichana wa madarasa ya juu kila wiki mbili, utakuwa umefuata desturi barabara.

Tahadhari ya mwisho: mwongozo huu usimfikie mzazi. Kuna wazazi wasumbufu ambao siku ya mkutano, badala ya kuuliza matokeo ya mtihani na bei ya sweta, watanyanyua mkono na kuuliza: Koki ngapi zinatoa maji leo, si siku ya ukaguzi? Ninyi mna namba ya simu inayopatikana ya mzazi wa kila mtoto, au za miaka mitatu iliyopita? Shule ikifungwa kesho, mpishi atalipwa na nani, na kwa miezi mingapi? Vitabu vitakwenda nyumbani na watoto, au vitafungiwa stoo visichakae?

Ukimpata mzazi wa namna hiyo una njia mbili. Unaweza kumwambia kwamba waraka haujafika. Au unaweza kumwingiza kwenye kamati, akae kati ya mpishi na bawabu. Ya kwanza ni rahisi zaidi, na ndiyo iliyotumika mwaka 2020.