Land Rover ya Jeshi Haitaki Injini ya Hiace

Jamani, hivi kwa nini kila raia akishinda mnadani gari lililokuwa la jeshi, mtu wa kwanza kumkuta humwambia ang'oe injini? Nyoo! Gari halijaoshwa, halijafunguliwa boneti, mwenyewe hata kahawa hajaagiza, tayari kijiwe chote cha Unga Limited hapa Arusha kimeshapitisha: "Dogo, weka tu 3L ya Hiace, utakuja kunishukuru." Atakushukuru kwa lipi? Injini ya Hiace ni nzuri sana, tena ikiwa ndani ya Hiace.

Safari hii gari lenyewe ni Land Rover 109, Series III, ya petroli. Kijana kaivuta kwa lori kutoka mnadani, turubai halipo, matairi mawili chini, rangi ya kijani imepauka kama majani ya mgomba wakati wa kiangazi. Waliokaa kwenye benchi wakaanza kusonya. "Chuma chakavu hicho." Mzee mmoja, dereva fundi mstaafu wa jeshi, ndiye pekee aliyenyanyuka. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Hebu nione chini kwanza." Akalala chali kwenye mchanga, nyundo ndogo mkononi, akawa anagonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu, sikio limetega. Pazima panalia. Palipooza pana mlio mfu, na ukigonga tena kutu inakumwagikia usoni.

Hapo ndipo nataka tutulie, maana ndipo watu wanapoharibu fedha. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Gari lilipoanza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, aluminiamu ikapatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana utaiona Land Rover ya miaka hamsini milango yake haijatoboka. Lakini chasisi ni chuma, tena chuma cha mraba chenye uwazi ndani. Tope na maji vikiingia humo na vitundu vya kutolea maji vikaziba, kutu inakula kutoka ndani huku nje panang'aa. Mtu anapaka rangi mpya, anafunga taa sita juu ya paa, anapiga picha, kumbe boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia tela inashikiliwa na mazoea. Aka! Gari la aina hii linaanziwa chini. Kata palipooza, choma chuma kipya chenye unene uleule, fungua vitundu, pulizia nta au mafuta mazito ndani. Bodi ingoje.

Baada ya chasisi ni breki. Gari likikaa miaka kwenye yadi, hozi za breki huvimba kwa ndani. Ukikanyaga, mafuta yanapita. Ukiachia, hayarudi, gurudumu linabaki limeshikwa mpaka ngoma inanuka moshi. Fundi asiyejua atafungua ngoma mara nne akitafuta kosa kwenye viatu vya breki, kumbe kosa liko kwenye mpira wa urefu wa kiganja. Hozi zote zibadilishwe, bila kuhurumia hata moja. Na matangi: 109 nyingi za jeshi zina mawili, moja chini ya kiti cha dereva, jingine chini ya abiria, na koki ya kuchagua unywe lipi. Yakiwa yamekaa matupu yana kutu. Yashushwe, yasuuzwe, ndipo uiulize kabureta kwa nini inakohoa.

Sasa umeme. Hapa mafundi wetu wa mitaani wananitia uchungu, na nasema hivyo kwa mapenzi, maana ni watu wenye mikono. Land Rover za jeshi zilizoandaliwa kubeba redio, kama hii, zinatumia volti 24, betri mbili za volti 12 zimeunganishwa mfululizo. Fundi wa teksi anakuja na globu ya 12, anachomeka, inawaka sekunde moja kwa mwanga wa ajabu kisha inakufa. Anachomeka nyingine. Halafu anatoa hukumu: "Waya zote mbovu, tung'oe." Waya hazina ubaya wowote! Nenda duka la spea za malori, globu za 24 zimejaa, ni zilezile za lori la mizigo. Ukifungua boneti utaona plagi zimevikwa ala ya chuma, waya zake zimefumwa ndani ya ganda la chuma, na distributa imefungwa kama chungu chenye mfuniko wa boliti. Si urembo. Ni kuzuia cheche za plagi zisipige kelele kwenye redio wakati askari anamsikiliza mwenzake. Ganda hilohilo linazuia maji. Watu wanavua vitu hivi wanavitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, halafu mvua ya kwanza ya masika gari linazima katikati ya dimbwi, lawama inakuwa ya Land Rover.

Mzee alimwita kijana nyuma ya gari akamwonyesha difu. Chini ya tope palikuwa na mabaki ya rangi nyeupe, na juu yake kijitaa kidogo kinachomulika chini. "Unajua hii?" Kijana hakujua. Msafara wa kijeshi ukitembea usiku huzima taa zote, na anayefuata huongozwa na doa lile jeupe tu, ambalo kwa mbali wala kutoka angani halionekani. Mzee akakifuta kijitaa kwa kitambaa mpaka kioo kikarudi, na benchi lote likanyamaza. Mtu mmoja hapo alikuwa ameshapanga kukata sehemu ile ili pafungwe spika.

Turudi kwenye injini. Ya 109 hii ni silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Haina mbio, wala haikuundwa kwa ajili ya mbio. Inavumilia petroli dhaifu, na inafunguliwa kwa spana za kawaida chini ya mti. Ili ya Hiace ikae pale, lazima ukate viegemeo kwenye chasisi, utengeneze sahani ya kuiunganisha na giaboksi, uhamishe rejeta, ubadili bomba la moshi, na uwiano wa gia uliopimwa kwa injini ya petroli unakwenda kombo. Kila tatizo linalotokea baada ya hapo halimo kwenye kitabu chochote. Najua hoja ya mafuta. Ndiyo, inakunywa, kilomita tano au sita kwa lita, hakuna wa kukataa. Anayetaka gari la kwenda kazini kila siku Njiro na kurudi, anunue jingine. Lakini anayeitaka hii, aitake yote.

Maana raha yake ipo, tena kubwa. Uvue turubai, ukilaze kioo cha mbele juu ya boneti, ufuate njia ya vumbi kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka. Penye lami unatembea kwa magurudumu ya nyuma tu. Ukifika kwenye mchanga, unakibonyeza chini kile kirungu cha njano, magurudumu yote manne yanashika. Korongo likiwa baya, unasimama, unavuta nyuma wenzo mwekundu, gia nzito inaingia, gari linapanda polepole bila papara. Lami ikirudi, rudisha kila kitu, kwa sababu hakuna difu ya katikati, na ukilazimisha manne kwenye lami kavu unajisagia gia mwenyewe. Kabla ya kuvuka mto, kuna kizibo cha kufunga tundu chini ya nyumba ya klachi. Kifunge. Ukishavuka kifungue, oili iliyovuja ipate pa kutokea isije ikalowesha klachi. Halafu kanyaga breki kidogokidogo mita mia kadhaa ngoma zikauke. Mambo ya namna hii ndiyo yanayomfanya dereva awe dereva.

Arusha hatuhitaji kufundishwa kuipenda Land Rover. Simanjiro, Longido, Loliondo, watu wamesafiri humo pamoja na mbuzi na magunia. Oktoba 2024 zilikusanyika hapa mjini kwa tamasha, watu wakiitafuta rekodi ya msafara wa Land Rover 632 uliofanyika Bad Kissingen, Ujerumani, mwaka 2018. Barabara zilijaa. Shangwe nyingi ziliwaendea wenye taa nyingi na matairi makubwa. Kwangu mimi heshima ya siku ile ilikuwa ya zile kongwe zilizofika kwa injini zao, na mwenye gari anaweza kukwambia kila nati aliifunga nani.

Neno moja la sheria, vijana, msije mkasema hamkuambiwa. Hakikisha namba ya chasisi inalingana na karatasi za mnada kabla hujalipa, ukasajili, ukapata kadi kwa jina lako. Nembo za kikosi zitoke zote, na rangi ya jeshi ibadilishwe. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zake. Asidhani mtu kwamba gari ndilo litafumbiwa macho. Wapo wanaolia kwamba bila kijani gari linapoteza asili. Hapana. Paka kijivu, paka maziwa, upendavyo. Asili yake iko kwenye giaboksi na kwenye waya zenye ganda.

Kijana kakubali. Injini inabaki. Wameanza na boriti ya nyuma, mzee anakuja kila jioni kukagua.

Linalopungua ni kifuniko cha distributa ya volti 24 na waya mbili za plagi zenye ala. Najua vipo mjini, kwenye mabanda ya watu waliobadilisha injini wakavitupa pembeni. Tafadhali, msivipeleke kupimwa kwa kilo. Vileteni Unga Limited, vitalipiwa bei ya spea.