Wenye Mpakato Migahawani: Uainishaji wa Awali, Singida Mjini

Mkoa wa Singida umeshachunguzwa vya kutosha kwa alizeti yake, kuku wake wa kienyeji, asali yake na upepo wake usiochoka. Kiumbe kimoja wanazuoni wamekiruka: mtu anayeingia mgahawani saa tatu asubuhi na kompyuta mpakato, akaagiza chai ya rangi, na saa tisa alasiri yungali palepale. Makala haya yanamwainisha kwa mahitaji yake. Kumwainisha kwa manunuzi kungemaliza kazi mapema mno.

Tuondoe kwanza kosa la kinadharia, kwamba haja yake kuu ni kahawa. Kahawa hulimwa Kilimanjaro, Kagera na Mbinga, na Msingida mwenye kiu nayo huifuata kijiweni, akainywa katika kikombe kidogo pamoja na kashata na siasa. Kijiweni hakuna afunguaye mpakato, kwa sababu hakuna ukuta, na pasipo ukuta hapana soketi. Soketi ndiyo haja mama. Mtazame aingiapo: kabla hajasalimia watu, macho yamekwisha kushuka usawa wa goti, yamezunguka chumba na kutua nyuma ya friji ya soda. Ikiwa chaja yake ni ya pini mbili na soketi ni ya matundu matatu, hutoa kalamu, akabonyeza tundu la juu hadi vifuniko vya chini vifunguke, kisha akasukuma pini kwa mkono wa pili. VETA hawafundishi hivyo na fundi umeme yeyote atamkemea, lakini ndiyo matumizi pekee ya kalamu niliyowahi kuyaona katika kundi hili.

Makundi yenyewe sasa. La kwanza ni Mwombaji, ajazaye fomu za Ajira Portal, au za HESLB dirisha la mikopo likifunguliwa. Huonekana kwa wingi siku ya mwisho, vyeti vyake vikiwa vizito kuliko mfumo unavyoruhusu. Asiulizwe kama anaongeza kitu.

La pili ni Mzabuni. Tangu mfumo wa NeST uchukue nafasi ya TANePS mwaka 2023, mkandarasi wa Kiomboi aliyezoea kutumbukiza bahasha kwenye sanduku la zabuni hana budi kutafuta mtandao. Anahitaji meza pana ya kutandaza karatasi, mbali na mlango, kwa maana upepo wa Singida hauheshimu nyaraka za serikali. Hula supu na chapati mbili. Ni mteja bora, hasa kabla ya matokeo kutangazwa.

La tatu, wanachuo wa kampasi ya TIA, huhesabiwa kwa mpakato, si kwa vichwa: mpakato mmoja, vichwa vitano, sahani moja ya chipsi.

La nne lina utajiri zaidi kitaaluma: Mtu wa Mradi. Huyu ana gari nje, ana bando lake, soketi akikosa havunjiki moyo. Haja yake ni kimya, nayo haimo kwenye menyu. Ana kikao cha Zoom na watu wa Dar es Salaam, na sentensi yake kuu ni "Mnanisikia?" Hapo ndipo blenda ya juisi ya parachichi huanza. Humwinulia dada wa kaunta kiganja, kama trafiki. Dada husimamisha blenda. Televisheni nayo hupokea kwa uchambuzi wa Simba na Yanga, na wateja watatu hupokea kutoka kwa televisheni. Mtu wa Mradi hutoka nje, akakutana na upepo. Dar es Salaam sasa hawasikii lolote.

Yote manne yana jibu moja kwa swali "Nikuongezee nini?" Nalo ni: "Bado kwanza, dada." Uchambuzi unaonyesha kwamba "bado" hii haina mwisho unaojulikana.

Je, mwenye mgahawa ana haki ya kununa? Kuhusu umeme, hana. Chaja ya wati 65 ikitumika saa nne hula robo ya uniti, au zaidi kidogo. Kwa shilingi 10,000 za LUKU mteja wa kawaida hupata uniti 28 hivi, kwa hiyo hasara haifiki shilingi 100. Kuhusu mtandao, lawama humwangukia bure: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchini kote, na hakuna mama wa chapati ambaye angeweza kuziunga. Hasara ya kweli ni kiti, tena kati ya saa sita na saa nane mchana, wakati wanaokula wamesimama mlangoni.

Edward Lloyd, mwenye mgahawa wa kahawa London miaka ya 1680, aliwapa mabaharia na wafanyabiashara walichokihitaji hasa, yaani habari za meli. Bima ya Lloyd's ilianzia mezani kwake. Wenye migahawa wa Singida hawaombwi makubwa hivyo. Wafunge ekstensheni moja ya maana ukutani, waandike kwamba mchana meza ni za walaji, wasione haya kusema.

Nawe msomaji, kama unasoma haya kwenye mpakato, mgahawani, na saa sita imegonga: agiza ugali na kuku wa kienyeji, au chomoa chaja.