Suruali ya Mtu Mrefu Haiji kwa Boti

Nguo za Kalemie zinakuja kwa maji. Balo nyingi za mitumba zinateremshwa Dar es Salaam, zinapanda reli mpaka Kigoma, zinavushwa Ziwa Tanganyika, na zikifika kwetu wachuuzi wanazifungua asubuhi mbele ya wateja waliokwisha kujipanga. Humo ndani mna kila kitu: makoti ya theluji, jezi za timu za vijiji vya Ulaya ambavyo hata Wazungu wenyewe hawavijui, gauni za harusi zilizovaliwa mara moja na kutolewa sadaka bila maelezo. Kitu kimoja tu hamna. Hamna suruali ya kijana wa mita 1.96 mwenye kiuno cha mtoto wa sekondari.

Kijana huyo ni mimi. Msinionee huruma bado, hadithi ni ndefu, na mguu pia.

Suruali ya kizungu ina namba mbili kwenye kitambulisho chake: ya kwanza ni kiuno, ya pili ni urefu wa mguu. Balo inaleta 36 kwa 30. Mimi ni 30 kwa 36. Nilimweleza jambo hili mama mmoja anayeuza sokoni, taratibu, kwa vidole, naye akaisoma ile karatasi ya ndani ya kiuno, akaniangalia kuanzia chini kwenda juu (safari hiyo huchukua muda), akasema: "Papa, si ni namba zile zile? Wewe geuza tu."

Nimefikiria sana kwa nini iwe hivyo, na nadhani jibu ni rahisi. Anayetoa nguo zake sadaka ni mtu aliyenenepa. Kijana mrefu mwembamba wa huko Ulaya akipata suruali inayomfika chini haitoi kwa maskini wala kwa kanisa. Anaivaa mpaka inapasuka, kwa sababu anajua alivyohangaika kuipata. Kwa hiyo sisi warefu wa dunia tunanyimana. Tena wanaonitia uchungu zaidi ni Waholanzi. Wale ni kati ya watu warefu kuliko wote duniani, na ni wafanyabiashara wetu wa siku nyingi: kampuni ya Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846, na hadi leo kitambaa chake cha wax ndicho ndoto ya kila mama wa Kongo. Yaani watu wenye suruali zangu wanatuletea vitambaa, suruali wanabaki nazo.

Basi mwenye mwili kama wangu hana budi kwenda kwa fundi. Fundi wangu ni mzee mwenye cherehani ya mguu chini ya baraza, na kila nikifika hupima kwa mita yake ya kitambaa iliyokwisha kufutika namba za mwanzo. Mita inaishia sentimita 150, kwa hiyo mimi ananipima kwa awamu, anatia alama ya chaki kwenye paja, anashusha pumzi, anaendelea. Halafu anauliza swali ambalo limenifuata maisha yangu yote: "Mwanangu, una kitambaa cha kutosha?"

Sina. Hapo ndipo msiba unapoanza. Kitenge kinauzwa kipande kizima cha yadi 6 au nusu yake, yadi 3, na mwenye duka hakati katikati ya hapo hata umlilie. Wakati wa harusi ya binamu yangu familia iliamua vijana wote tuvae shati na suruali ya kitenge kimoja, chenye kasuku wekundu. Hakikuwa cha Helmond, kilikuwa ndugu yake wa China. Kila mtu alipewa yadi 3. Wenzangu walibakiza hata kitambaa cha kofia. Kwangu fundi alikitandaza mezani, akakizunguka, akakaa, akasimama tena. Ili vipande vyote viingie, alilaza mguu mmoja wa suruali ukielekea kaskazini na wa pili ukielekea kusini, sehemu pana ya paja ikae kando ya sehemu nyembamba ya kifundo. Kwa hesabu za kitambaa, ni kazi ya bingwa. Kwa kasuku ni jambo jingine. Kwenye mguu wa kulia walikuwa wanapaa. Kwenye mguu wa kushoto walikuwa wanaporomoka kichwa chini kama waliopigwa manati.

Tuliingia ukumbini kwa kucheza, wawili wawili, na kila nilipoinua mguu wa kushoto meza za upande ule zilikata mazungumzo. Shangazi mmoja aliinama kabisa ubavuni ili ahakikishe. Binamu yangu mwingine, mfupi mnene, ambaye yeye shida yake ni upana tu, alikuwa mwenzangu katika mstari. Picha ya harusi inayotuonyesha pamoja haijawahi kutundikwa ukutani na upande wowote wa familia.

Utotoni nilikuwa na heri kidogo, maana sare ya shule nchi nzima ni ileile, shati jeupe na suruali ya buluu, na mama yangu aliipangia mkakati. Alishonesha suruali yenye pindo kubwa la ndani, akawa analishusha kidogo kidogo kadiri nilivyorefuka. Buluu ya juu ilipauka kwa jua na sabuni, buluu iliyofichwa ikabaki mpya, kwa hiyo kila aliposhusha palibaki mstari. Aliyejua kusoma mistari ile angeweza kutaja nilikuwa darasa gani mwaka gani. Mwalimu wa hesabu alijua.

Kuhusu mpira wa kikapu nitapita haraka. Ndiyo, nimeambiwa. Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, alikuwa na mita 2.18 na alipofariki Septemba 2024 watu wa mtaani walinipa pole mimi. Bismack Biyombo wa Lubumbashi ana zaidi ya mita 2 na kila akitajwa redioni ninaangaliwa. Sichezi. Ninachotaka kujua kuhusu mabwana wale ni anwani ya mafundi wao.

Mjomba aliwahi kujaribu kunisaidia. Alifungua sanduku lake la bati akatoa abacost, vazi lile ambalo Mobutu aliwavisha wanaume wa Zaire kuanzia miaka ya 1970, kostimu na kravati zilipopigwa marufuku, hadi hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990 ilipofungulia tena kravati. Lilikuwa la mikono mifupi, kitambaa kizito, vifungo vyote vipo. Nikalivaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mikono ilionekana mifupi kwa amri ya serikali. Nilijipenda sana mbele ya kioo kwa muda, mpaka mjomba aliponikumbusha kwamba lina suruali yake pia. Mjomba ni wa mita 1.65.

Siku hizi vijana wa mjini wanakata suruali juu ya kifundo makusudi, wanaita mtindo. Nilidhani ukombozi umefika. Lakini suruali hizo zinabana chini, na mguu wangu ni namba 47: kisigino kikishapita, hakirudi, na usiku mmoja nililala nayo. Tena mtindo una kiwango chake. Nusu ya kiganja juu ya kifundo ni usasa, kiganja na nusu ni umaskini, na mbu wa kando ya mto Lukuga hawatofautishi.

Sifa moja nijipe. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na maji kuingia mitaa ya chini, watu wenye nguo zao nzuri walisimama njiani wanainama kukunja suruali, mguu huu kisha ule. Mimi nilipita. Sikuhitaji kukunja chochote.

Kwa hiyo, wenye maduka ya vitenge, tafadhalini: uzeni yadi 4. Na wewe mama unayefungua balo pale sokoni, ukiona 30 kwa 36, usiigeuze. Iweke pembeni, nakuja jioni, bei nitaongeza.