Namna ya Kuuza Magitaa Kimbiji Bila Kulala Njaa

Usianze na gitaa. Anza na uzi namba moja, ule mwembamba kuliko zote, kwa sababu ndio unaokatika. Hukatika Jumapili asubuhi kwaya ikiwa imeshasimama, hukatika harusini bibi harusi akiwa mlangoni, na ukikatika Kimbiji mpigaji ana njia mbili. Ama apige na nyuzi tano zilizobaki, ama afunge safari: Mwasonga, Kibada, avuke kwa Daraja la Nyerere au kwa kivuko cha Magogoni, ajipenyeze hadi Kariakoo, anunue kauzi kanakofichika kwenye kiganja, kisha arudi njia ileile. Nauli peke yake inaipita bei ya uzi. Hapo ndipo riziki yako ilipo. Muuzaji wa Kariakoo atakushinda kwa bei, kwa aina na kwa wingi wa bidhaa, lakini kwa ukaribu hakuwezi.

Kwa hiyo fungua pakiti. Duka kubwa linapenda kuuza seti nzima ya nyuzi sita; wewe uza mmoja mmoja. Agiza namba moja na namba mbili nyingi kuliko nyingine, ili seti zako zisibaki na mapengo. Kijana akisimama mlangoni na kusema, "Shikamoo anko, naomba namba moja," itikia marahaba, mpe, kisha mwambie alete na gitaa lenyewe. Uzi unaokatika kila mara mahali palepale mara nyingi hauna kosa. Kuna ncha kali kwenye daraja la gitaa au kwenye kigingi cha kukazia. Ipitishie msasa laini mbele ya macho yake na usimtoze hata senti. Ni kweli atapunguza kununua nyuzi, ila zile atakazonunua atazinunua kwako.

Sasa hesabu, na uifanye kabla hujapaka duka rangi. Tuseme fremu ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na kila seti ya nyuzi inakuachia faida ya 3,000. Utahitaji kuuza seti 34 ili umridhishe mwenye fremu tu, hujala, hujanunua umeme, hujafika TRA. Sioni Kimbiji ikimaliza seti 34 kila mwezi. Gitaa zima ndilo lenye faida nono, lakini linaweza kuning'inia ukutani tangu masika hadi masika, na mtaji ulioning'inia ukutani haulipi kodi ya pango. Hapa ndipo maduka madogo ya magitaa yanapofia, kwetu na kwingineko. Hata wakubwa hutikisika: Gibson, kampuni ya magitaa ya Marekani iliyoanza mwaka 1902, ilikimbilia mahakamani Mei 2018 kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Guitar Center, yenye maduka karibu 300 nchini humo, ikafuata njia hiyo Novemba 2020. Zote mbili zilinusurika, maana zilikuwa na mawakili na mabenki ya kukaa nayo mezani. Wewe utakaa na mwenye fremu, naye anataka ya miezi sita kwa mkupuo.

Mwombe miezi mitatu. Akikataa, tafuta fundi simu au fundi redio mgawane fremu. Si aibu, tena ni ndoa nzuri: yeye tayari ana pasi ya kulehemu, risasi na kipimo cha umeme, na nusu ya magitaa yanayoletwa "yamekufa" yana ugonjwa wake. Gitaa la besi la kwaya likikwaruza au kunyamaza, mara nyingi ni waya mmoja umeachia kwenye tundu la kebo, kwa sababu mpigaji alikanyaga kebo akiwa katikati ya pambio. Kazi ya dakika kumi. Ila mfundishe mpigaji huyo kupitisha kebo nyuma ya mkanda wa gitaa kabla ya kuichomeka, asirudi na ugonjwa uleule wiki ijayo.

Na hapa nikae kidogo, kwa sababu duka la Kimbiji lisilo na fundi halitamaliza mwaka. Upepo unaotoka baharini umebeba chumvi. Nyuzi za chuma zinashika kutu, freti zinaota ukijani, skrubu zinaganda. Joto nalo linalegeza gundi, na unyevu unalivimbisha tumbo gitaa la bei ya chini hadi daraja linaanza kung'oka. Shingo inapinda, nyuzi zinapaa juu ya freti, na mwanafunzi anayejifunza kodi ya F anakandamiza hadi vidole vinachubuka. Baada ya mwezi analitupia gitaa juu ya kabati, anawaambia wenzake kwamba hana kipaji. Inaniuma sana hii. Kipaji kipo, kilichoharibika ni shingo ya gitaa, na hakuna mtu wa karibu wa kumwambia.

Wewe mwambie. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo. Tafuta kinapoingia kifunguo chake, zungusha robo mzunguko tu, liache gitaa lilale hadi kesho, kisha utazame tena kwa kulenga jicho kutoka upande wa tundu kuelekea kichwani, kama fundi seremala anavyokagua ubao. Ukizungusha kwa pupa utaivunja fimbo, na gitaa hilo utalinunua wewe. Kisha kagua kile kijipande chenye mifereji sita kilicho mwanzo wa shingo, panapoishia vigingi. Kwenye magitaa ya bei nafuu ni plastiki, na hupasuka. Usingoje kije kipya kutoka China. Fanya urafiki na mwenye bucha: omba mfupa wa paja la ng'ombe, uchemshe uishe mafuta, uanike siku kadhaa, ukate kwa msumeno wa chuma, uchonge kwa tupa, kisha uichimbe mifereji taratibu, ule wa uzi mwembamba mwisho. Mfupa huutumia hata mafundi wanaouza magitaa ya bei ghali Ulaya, na sauti yake ni safi kuliko plastiki. Weka bei ya kazi hiyo ukutani kwa maandishi makubwa. Ufundi ndio utakaolipa fremu. Magitaa yatalipa ada ya shule.

Ukishazoea mfupa, jaribu mpingo. Mpingo wa Kilwa na Lindi husafirishwa nje kutengenezwa klarineti na obo, tena ndio mti unaosifika ulimwenguni kwa kazi hiyo, halafu sisi tunaagiza hata vipini vya plastiki vya kubania nyuzi. Waendee wachongaji wa Mwenge uwaombe vipande vinavyobaki. Kipande kinachotupwa pale kinatoa piki na vipini vya mwaka mzima.

Utaulizwa na wakwe, na labda na mwenzi wako, kwa nini usiuze vocha na soda. Jibu ninalo.

Katika nchi hii gitaa halikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na Polisi, Magereza na JKT nao walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, na mwaka 1983 ikahamia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Orchestra Super Matimila ya Remmy Ongala ilibeba hata jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Siubezi utaratibu huo: ulilipa mishahara na ulitupa muziki ambao mpaka leo ukipigwa kwenye daladala abiria wanaacha kuchati. Lakini mwanamuziki aliyegombana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu. Alihamia bendi nyingine na vidole vyake tu, na mwenye vyombo akichoka au akifilisika, watu kumi na tano walikuwa hawana kazi ingawa hakuna hata mmoja aliyesahau kupiga. Duka dogo la magitaa ndipo mtoto wa mvuvi anapoweza kumiliki chombo chake mwenyewe, na akagombana na amtakaye. Ndiyo maana nakuomba uuze magitaa. Vocha zina watu wa kutosha.

Turudi kazini. Mteja wako mkubwa ni kwaya. Itakuja kamati ya watu watano: mwenyekiti, mweka hazina, katibu, mama mlezi, na kijana mmoja kimya nyuma yao. Hao wanne watajadili rangi. Wasikilize kwa adabu, wape maji ya kunywa, kisha mkabidhi gitaa yule wa nyuma, maana ndiye mpigaji. Akitabasamu umeuza. Usisahau pia kwamba Kimbiji ni pwani. Harusi za hapa zinataka taarabu, na taarabu ya kisasa haiendi bila besi na kinanda. Duka litakalojifanya la kanisa peke yake limejinyima nusu ya wateja.

Kijana wa singeli usigombane naye. Muziki wake unapikwa kwenye kompyuta na hahitaji gitaa lako, lakini anahitaji kebo, maiki na hedifoni, na anavivunja haraka kuliko mtu yeyote. Kebo zake zitalipa umeme.

Halafu yupo yule anayekuja kila jioni, anashusha gitaa moja baada ya jingine, anapiga kodi zilezile nne mpaka magharibi, na ananunua piki moja. Wenye maduka wengi humfukuza. Usimfukuze. Franco, kabla hajawa Franco wa OK Jazz, alikuwa mtoto mwenye gitaa la kuundwa kwa mkono, akilipiga kuwavuta wateja kwenye meza ya maandazi ya mama yake katika soko la Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mama alijua biashara. Mpe huyo kijana wa kodi nne kigoda, mweke barazani wapita njia wamwone, na umwekee masharti mawili: anawe mikono, na ageuze bizimu ya mkanda wake pembeni isichubue mgongo wa gitaa. Baada ya mwezi mfundishe kodi ya tano, kwa faida ya majirani.

Kufundisha nako ni biashara, usikufanye hisani. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, ilianza mwaka 2002 na imetoa wanamuziki wengi wazuri, lakini mwaka 2019 ilikaribia kufunga milango kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Wewe tegemea ada ndogo ya darasa la Jumamosi, muda wa saa moja, watoto sita, magitaa mawili ya kuazima yasiyotoka dukani. Mtoto anayelipa kidogo huhudhuria, na mzazi aliyelipa huulizia maendeleo.

Kuhusu serikali nitasema machache. Chukua TIN, kata leseni manispaa ya Kigamboni, na weka daftari la mauzo kuanzia siku ya kwanza, hata siku uliyouza piki moja. Kodi ya makadirio inampa nafuu mwenye kumbukumbu, na asiye na kumbukumbu hukadiriwa na mtu ambaye hajawahi kuona gitaa likikaa ukutani tangu masika.

Lililobaki ndilo litakalokutoa jasho, nalo ni mkopo. Kimbiji mnajuana. Atakuja mtoto wa shangazi, atakuja jirani aliyekusaidia msibani, na kila mmoja atataka gitaa leo alipe samaki wakija. Ukilitoa, umepoteza gitaa na jirani kwa pamoja, kwa sababu ataanza kupita njia ya nyuma asikutane nawe. Usikatae wala usikopeshe. Mwambie adundulize. Lishushe gitaa alilolichagua, mfungie kikaratasi chenye jina lake kichwani, lirudishe ukutani, na umfungulie ukurasa kwenye daftari: elfu mbili leo, elfu tano baada ya bamvua, mia tano siku ambayo bahari imechafuka. Mruhusu aje kulipiga humohumo dukani wakati salio linapungua, na ulikaze nyuzi kila anapokuja ili siku ya kulichukua liwe limetulia. Akija mwenye fedha taslimu akalitaka hilohilo, mwonyeshe kikaratasi na umuuzie la pembeni.

Siku ya malipo ya mwisho, mwandikie risiti. Jina liwe lake yeye, si la baba, si la kwaya, si la bendi. Mtilie na uzi namba moja wa akiba mfukoni, na umkumbushe kwamba Jumamosi darasa linaanza saa tatu.