Kipimo, Herufi 4

"Kipimo, herufi 4." Mtungaji wa fumbo la maneno huandika hivyo, kisha akaenda zake kunywa chai. Anayefedheheka ni msomaji aliyejaza MITA kwa wino ndani ya feri ya Likoni, huku watu wakimchungulia begani, na kabla hajafika ng'ambo neno la kwenda chini likamdai D mwanzoni. Kumbe ni DEBE. Lakini alaumiwe kwa lipi? Herufi 4 zaweza kuwa KILO, TANI, LITA, FUTI, WARI au PIMA, na hakuambiwa kama kinachopimwa ni mchele au kamba ya nyavu. Dai langu ni kwamba kipimo kisichotajiwa chombo wala mkono unaokishika hakijapima kitu.

Wazee wa pwani walilijua hilo, ndiyo maana vipimo vyao vilikuwa na viungo. Shubiri hutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shubiri 2 ni dhiraa, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa 2 ni wari. Wari 2 ni pima, mikono yote miwili ikinyooshwa. Hesabu inajirudufu yenyewe, wala huhitaji rula, ila kwenye kununua kitambaa ni busara kwenda na binamu mrefu. Nafaka nazo zilikwenda kwa vibaba, 4 kwa pishi, na pishi hiyo bado hufufuka kila mwisho wa Ramadhani watu wanapotoa zaka ya fitri.

Atatokea mtu aseme hayo ni ya kale, kwamba Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura 513, na fumbo lina wajibu wa kufundisha kilo. Sawa, na aende nayo soko la Kongowea. Mizani hukaguliwa ikapigwa muhuri, lakini mahindi na maharagwe mengi hupimwa kwa gorogoro, mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya kilo 2. Ustadi wake uko kwenye kitako. Kikigongwa kidogo kuelekea ndani, mkebe unabaki na urefu uleule na mdomo uleule, ila tumbo limepungua, na mnunuzi anayetazama juu haoni chochote. Kuna pia suala la kilima: muuzaji akinunua kwa mkulima anataka kilima juu ya mkebe, akikuuzia wewe anapitisha kiganja na kusawazisha. Qurani ina sura nzima inayoitwa kwa jina la wapunjaji hawa wa vipimo, Al-Mutaffifin, kwa hiyo si mbinu iliyobuniwa jana. Hapa kicheko kinaniishia, maana anayenunua kwa gorogoro ni yule asiyemudu gunia, naye ndiye anayelipia kitako kila siku. Viazi vya lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ni wizi wa aina hiyohiyo, ila umevaa kofia ya wavu.

Basi watungaji, tuandikieni dokezo linalomfaa mtu wa Kisauni na Changamwe: "Mkebe wa sokoni, geuza utazame chini kabla ya kulipa, herufi 8."