Marehemu, Tafadhali Nyamaza

Hapa kwetu Bombo, kwenye milima ya Upare, vita huanza saa mbili usiku, sahani za makande zikishatolewa tu. Mpwa wangu anajifungia chumba cha pili, visikilizi masikioni, simu mkononi, na kikosi cha gemu kinakamilika: mwenzake mmoja yuko Same mjini, mmoja Moshi, mmoja Tabata, Dar es Salaam. Sina ugomvi na bunduki za kwenye kioo. Ugomvi wangu ni amri.

"Yupo! Yupo! Yupo pale!"

Pale wapi? Kuna nyumba kumi na msitu mzima. Mpaka wa Tabata amalize kuuliza "wapi, oya?" kashalazwa chini.

"Si useme kushoto au kulia?" nikamwuliza.

"Mjomba, kushoto kwangu si kushoto kwake."

Hapo nikamkubalia. Sisi wa milimani wenyewe tunasema juu na chini. Ukisema ng'ombe kaelekea chini, kila mtu anaangalia upande wa Maore, kule bondeni. Lakini juu ya kioo chake kuna dira yenye namba mpaka 360. Kutamka "nyuzi 210, nyuma ya ukuta" ni pumzi moja. Wanaitazama kama kalenda ya mwaka juzi.

Na mpangilio wa amri je? Kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji, msimamizi anaanza na jina, kisha mahali, kisha kazi: fulani, kwenye ndiva (bwawa la kumwagilia), toa tope. Ukisikia jina unageuka, ukisikia mahali unaanza kutembea, kazi inakukuta njiani. Mpwa wangu anaanza na mayowe, jina linakuja mwisho, mahali hapatajwi kabisa. Akibanwa zaidi, Kiswahili kinamkimbia, kinabaki Chasu, yaani Kipare, kitupu. Wa Same anaelewa. Wa Tabata anadhani kalaaniwa.

Na maikrofoni iko wazi muda wote. Kitufe cha kubonyeza ndipo uongee kipo, amekizima. Mvua ikipiga bati, kikosi kizima kinasikiliza mvua. Juzi bibi yake aliuliza kutoka jikoni nani kaacha mbuzi nje, wa Moshi akajibu, "Si mimi, bibi."

Watengenezaji wa gemu hizi wamehangaika, tusiwaonee. Counter-Strike, iliyoanza 1999, ilikuwa na amri za redio: unabonyeza herufi, unachagua namba, askari wako anapaza sauti kwa niaba yako. Battlefield 2 ya mwaka 2005 ikaja na duara la amri. Mwaka 2019 Apex Legends ikaenda mbali zaidi: unalenga kitu, unabonyeza, alama inawatokea wenzako wote, na mhusika wako anakitaja kwa sauti. Asiye na maikrofoni kabisa anacheza na wenzake vizuri tu.

Gemu ya mpwa wangu nayo ina alama hizo, na ina maneno yaliyorekodiwa. Wanayatumiaje? Kumkera mwenzao aliyekosa shabaha. "Asante! Asante! Asante!" mpaka usingizi unipotee mimi nisiyekuwepo vitani. Kama kitufe kikibonyezwa mara tatu mfululizo kingelala dakika nzima, nani angekufa? Tena sauti yenyewe ni ya Kiingereza, ya mtu mwenye mafua. Nchi ina "mguu sawa" na "nyuma geuka" tangu tuko wadogo! Mgambo mstaafu yeyote wa wilaya hii angerekodi amri zote kabla ya chai, na mbwa wa jirani wangetii.

Lakini hayo nayavumilia. Ninachodai ni marehemu afungiwe sauti. Huyu wa Tabata hufa wa kwanza, karibu kila vita, kisha hukaa huko aliko akiwaamrisha walio hai: toka hapo, panda ngazi, usiogope, nakuona. Anaona kupitia macho ya mwenzake, kwa hiyo haoni lolote ambalo mwenzake haoni, ila makelele ni yake. Mizimu ya wazee wetu ilichinjiwa mbuzi na kumwagiwa dengelua, pombe ya miwa, ndipo iseme neno, tena kwa kupitia mtu. Huyu anasema bure usiku kucha.

Jana alimwambia mpwa wangu aruke dirishani, ghorofa ya tatu. Akaruka. Marehemu wakawa wawili, wote wanamwamrisha wa Moshi.