Barua ya wazi kwa Ofisi Husika

Ofisi Husika,
S.L.P. Haijatajwa,
Popote Ilipo.

YAH: KIBALI CHA KURUSHA NDEGE NYUKI JUU YA UWANJA WA MPIRA WA CHUO KIKUU

Shikamoo, Ofisi Husika.

Mimi ni mkulima wa kahawa, Kalinzi, mkoani Kigoma. Umri wako siujui, lakini wakubwa wote wanakutaja kwa unyenyekevu na hakuna anayethubutu kusema unakaa wapi, nami nikaona nitangulize shikamoo.

Mpwa wangu anasomea upimaji ardhi katika chuo ambacho sitakitaja, maana bado hajamaliza. Tulimwomba akija likizo atupigie picha za mashamba kutoka angani. Milima yetu ni mikali. Mvua ikikolea, maji huchimba makorongo katikati ya mibuni, na tunataka kuona yanaanzia shamba la nani kabla hatujaanza kulaumiana. Akasema, "Sawa mjomba, ila mwalimu anataka nijizoeze kwanza kwenye uwanja wa mpira wa chuo." Tukajua kazi imekwisha.

Alipoomba kibali, idara yake ilisema haina pingamizi, alete barua ya ofisi ya milki. Milki wakasema uwanja ni wao ila hewa iliyo juu yake si yao. Aende kwa walinzi. Walinzi wakasema wao hulinda vilivyo chini. Aende kwa mlezi wa wanafunzi. Mlezi akamsifu kwa kupenda masomo, akamwelekeza kwa mwanasheria. Mwanasheria akamrudisha idarani. Wote walikuwa wapole, wote walimkaribisha kiti, na wote walimuaga vilevile: "Hili lipeleke ofisi husika."

Siipingi sheria. Kanuni za mwaka 2018 zinataka ndege nyuki isajiliwe na ipate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na Wizara ya Ulinzi nayo iridhie. Ni haki. Kidude hicho kikikutana na ndege ya abiria inayotua, hatutaulizana tena habari za makorongo. Tena kina kamera, na bafu langu halina paa. Lakini ofisi hizo zina majina, zina milango, zina fomu. Kijana wetu hajazifikia, kwa kuwa chuo hakijamwandikia barua, na barua haiandikwi mpaka wewe upatikane.

Wala usiniambie jambo lenyewe haliwezekani. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam walishiriki mradi wa Ramani Huria tangu 2015, ambao picha zake za angani zilisaidia kuchora ramani za mitaa inayofurika. Mwaka uliofuata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakaanza kurusha ndege nyuki katika kazi ya kupiga picha Unguja na Pemba. Huku kwetu magharibi, watafiti wameshatafuta viota vya sokwe wa Bonde la Issa kwa ndege nyuki, na sijasikia sokwe aliyeambiwa alete barua ya mlezi wa wanafunzi. Sisi wa vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Gombe tumezizoea picha za setilaiti. Watu wa mradi wa TACARE, ulioanza 1994, walizitumia pamoja na wanavijiji kupanga matumizi ya ardhi. Setilaiti hiyo imepita pia juu ya uwanja wenu wa mpira, na haikusimama getini kusaini daftari la wageni.

Nimelitafakari fumbo lako, nadhani nimelifumbua. Anayesema "hapana" hudaiwa sababu, jina na sahihi. Anayesema "ndiyo" hudaiwa vyote hivyo, na lawama juu yake. Lakini anayesema "peleka ofisi husika" hadaiwi chochote, na jioni anarudi nyumbani akiwa ameshatoa huduma. Wakati huo muhula unaisha. Kijana atafaulu somo la kurusha ndege kwa kuichora kwenye karatasi ya mtihani. Kisha utakuja mradi mkubwa na wataalamu kutoka ng'ambo, vibali vimekwishaandaliwa, naye ataajiriwa kuwabebea begi la betri.

Kwa kuwa unapenda usalama, napendekeza yafuatayo:

1. Mwewe wote wanaopita juu ya chuo wasajiliwe. Wanaona mbali, na huondoka na mali za watu bila hati ya makabidhiano.

2. Setilaiti ziagizwe kufumba macho zikifika juu ya kampasi.

3. Mwanafunzi aruhusiwe kukimbia uwanjani akiwa ameinua ndege nyuki kwa mikono miwili. Mradi miguu yake inagusa ardhi, suala litakuwa la ofisi ya michezo.

Kama hayo ni mazito, lipo jepesi. Kila chuo kiteue mtu mmoja, jina lake libandikwe mlangoni. Apokee ombi, aandike uwanja, siku, saa, kimo na mhadhiri atakayesimamia, kisha alipeleke mwenyewe kwa mamlaka za nje. Ajibu ndani ya siku 14. Akikataa, aandike sababu na asaini. Sisi wakulima hatuogopi kukataliwa. Kahawa yetu hukataliwa na tunaambiwa kasoro yake palepale.

Ni mimi mtiifu wako,
Mkulima wa kahawa, Kalinzi.

Nakala: Idara, Milki, Walinzi, Mlezi wa Wanafunzi, Mwanasheria. Tafadhali msiipeleke barua hii ofisi husika. Ofisi husika ni ninyi.